Tundu Lilipofunguliwa Lote

Nachingwea,
12 Mei 2024

Mpwa wangu Hafidha,

Assalaam alaykum. Barua yako dereva wa basi la Kosta kaniletea hadi mlangoni. Umefanya vyema kuandika. Wenzako wananipigia simu wakati masikio yangu yalishakufa. Nasikia mvumo tu, kama nyuki ndani ya debe. Nikikata, wanasema mzee ana majivuno.

Unasema lenzi ya kamera yako imeingia vumbi la uwanjani Namungo siku ya bonanza la mpira, mota yake imekwama, na fundi kakwambia uitupe. Unauliza kama zangu za zamani zipo. Zipo. Juzi nimefungua sanduku kwa mara ya kwanza tangu nifunge studio, na ningejua nisingefungua kabla ya kula. Mende walikuwa wamezaa ndani ya mfuko wa ngozi. Panya alikojolea mikanda ya kamera mpaka imekuwa laini kama ngozi ya kuku. Lenzi mbili nimezitupa chooni kwa mkono wangu, maana kuvu ilikuwa imetandaza nyuzi ndani ya kioo, kioo kikawa kama jicho la mbuzi aliyekufa juzi. Mpaka leo nikikumbuka mate yananijaa.

Moja imepona kwa sababu niliiweka kwenye kopo la maziwa ya unga nikalifunga kwa plasta. Ni ya Kirusi, milimita hamsini na nane. Ndiyo hii ninayokutumia. Pete ya kuiungia kwenye kamera yako utaagiza Dar.

Haina mota, haina umeme. Ina pete mbili tu. Ya kwanza ni ya tundu linalopitisha mwanga. Ukiiweka kwenye mbili, tundu limefunguka lote: kitu kimoja kitakuwa kikali, na kila kilicho nyuma yake kitayeyuka. Ukiiweka kwenye kumi na moja, tundu limesinyaa: utaona kila kitu, toka kidole chako cha mguu hadi mlimani. Pete ya pili ni ya fokasi, ya kuchagua kipi kiwe kikali, na hiyo utaizungusha mwenyewe. Picha ikikosa, umekosa wewe. Hapo hakuna wa kumsingizia.

Mjomba wako,
Isihaka


Ruangwa,
3 Juni 2024

Mjomba, shikamoo.

Pete ya kuungia imefika na lenzi inafanya kazi! Nilifungua kopo juu ya kitambaa cheupe, nikiogopa mende. Hakuna hata unywele.

Kamera yenyewe haiitambui. Ukiiwasha inaandika kwamba hakuna lenzi, mpaka uilazimishe. Wiki ya kwanza niliteseka. Wateja wa paspoti walinicheka: "Dada, mbona unakoroga hiyo kamera kama uji?" Sasa nimezoea. Naikuza sura ya mtu kwenye kioo cha nyuma mpaka kope zinahesabika, nazungusha taratibu, nabonyeza. Mjomba, ile lenzi yangu mpya haikuwahi kutoa ngozi ya mtu namna hii.

Na imeniletea kazi. Kuna bwana mmoja, Enock, ni afisa wa shirika linaloitwa Maji na Tabasamu, wanajenga vyoo vya shule. Alikuja kupiga paspoti, akaona ukutani picha ya mama anayepepeta ufuta, niliyoipiga nikiwa nimefungua tundu lote. Akasimama pale kama dakika tano. "Hii ndiyo ninayoitafuta," akasema. "Nyuma pawe hivi hivi, kama maziwa."

Wiki iliyopita akanipakia kwenye gari hadi shule moja upande wa Mandawa. Nikampiga picha mwanafunzi wa darasa la tatu, jina lake Yasmini, ameshika sabuni, vyoo vipya viko nyuma yake. Nimekuwekea nakala humu. Tazama nyuma ilivyolainika. Bwana Enock kasema ataniita kila shule wanakojenga. Mwaka huu, Mjomba, nimetoka.

Mpwa wako,
Hafidha


Nachingwea,
11 Juni 2024

Hafidha mpwa wangu,

Salaam. Nimeitazama picha yako jana kutwa. Macho ya mtoto yako sawasawa, mwanga umetoka upande unaotakiwa, na mkono wako haukutetemeka. Ningekuwa na studio ningeitundika dirishani.

Lakini mimi bado ninacho kile kioo cha kukuzia nilichokuwa natazamia filamu, na nikishashika picha siwezi kuiacha. Nimehesabu nzi wanne. Mmoja yuko kwenye sabuni. Wawili wako kwenye ukosi wa shati. Wa nne yuko pembeni mwa mdomo wa mtoto, na mtoto hamfukuzi. Mtoto asiyefukuza nzi mdomoni amewazoea nzi. Halafu tazama pua: ameibana. Anacheka kwa mdomo huku pua ameifunga, kama anayekunywa kwinini.

Hicho kilichoyeyuka kama maziwa nyuma yake ni kitu gani?

Isihaka


Ruangwa,
24 Juni 2024

Mjomba, shikamoo.

Nyuma ni ukuta wa vyoo tu, kama nilivyokwambia. Nzi walifuata sabuni, ilikuwa na harufu ya matunda. Na watoto ukiwaambia wacheke mbele ya kamera hukunja pua, wewe mwenyewe unajua.

Sina mengi, nina harusi mbili wiki hii. Nakutumia kahawa.

Hafidha


Ruangwa,
19 Julai 2024

Mjomba,

Nilikudanganya. Nimeanza barua hii mara nne, na kila nikianza naona nakudanganya tena kwa namna nyingine, kwa hiyo nakuandikia moja kwa moja.

Jumatatu wiki hii, wakati wa mapumziko ya saa nne, sakafu ya choo cha wasichana katika shule ile imekatika na Yasmini ametumbukia shimoni. Yasmini yule yule wa picha. Alizama hadi kifuani. Mwalimu wake, Makrina, mama mmoja wa kutoka Songea, alilala kifudifudi ukingoni na kumshika kwa mtandio, na wavulana wa darasa la saba wakamshika mwalimu miguu. Walipomtoa, mguu ulikuwa umevunjika mahali pawili na mfupa uko nje, umeingiwa na uchafu wa mle ndani. Wamemkimbiza hospitali.

Nimekwenda kumwona. Mama yake, Zaina, alikuwa anamsafisha masikio kwa ncha ya khanga. Siku ya tatu ile, Mjomba, na bado uchafu ulikuwa unatoka. Nikatoka nje nikatapika ukutani kama mlevi.

Sasa nikwambie kilichokuwa nyuma. Siku tuliyopiga picha, harufu ilitupokea tukiwa bado garini. Vyoo vile vina mwaka mmoja, na vilikuwa vimejaa mpaka juu. Maji hakuna, mabomba yamechomekwa ukutani bila kuunganishwa na kitu. Mlango mmoja ulikuwa umening'inia. Kinyesi kilikuwa kimetapakaa hadi kizingitini, na funza wanatambaa juu ya sakafu, weupe, wanene, kama punje za mchele zinazotembea. Na sakafu ilikuwa na ufa. Niliuona, Mjomba. Niliuruka.

Nilimwambia Bwana Enock, "Hapa hapapigiki picha." Akacheka, akaniambia, "Si ndiyo maana nimekuchukua wewe na hiyo lenzi yako? Yeyusha nyuma." Basi nikamsimamisha mtoto mahali ambapo ningeweza kupiga magoti bila kukanyaga, nikaweka tundu kwenye mbili. Yasmini akaniuliza, "Dada, naweza kuvuta pumzi?" Nikamwambia subiri kidogo.

Hilo si baya kuliko yote. Mwalimu Makrina alikwishaliandikia shirika mara mbili kwamba sakafu ina ufa. Safari ya pili shirika lilimjibu kwa kumtumia picha yangu, na maneno mawili matatu chini yake kwamba vyoo viko katika hali nzuri kama inavyoonekana. Kanionyesha mwenyewe. Hakunitukana. Alikunja tu ile karatasi akairudisha mfukoni, akaenda kunawa mikono.

Niliipenda ile picha, Mjomba. Ndicho kinachonichefua. Niliipenda sana.

Hafidha


Nachingwea,
23 Julai 2024

Hafidha,

Nimesoma barua yako nikashindwa kula. Nilikwishashika kalamu kukuagiza urudishe lenzi kwa basi la kwanza. Nikasema nilale, na asubuhi bado nilikuwa na hasira, lakini nilijua lenzi haina kosa.

Miaka thelathini nimepiga picha za watu mji huu. Nimewaondolea chunusi, nimewafunika vipara, mabwana harusi wafupi nimewasimamisha juu ya matofali. Hayo ni mapambo, mtu hafi kwa sababu ya tofali. Wewe ulimziba pua mtoto ili watu wazima wasisikie harufu. Nikiwaza hivyo naona kama mikono yangu mwenyewe inanuka, maana kioo kilikuwa changu.

Na acha kuniandikia "kinyesi." Andika mavi. Umekwishayapamba ya kutosha.

Vyoo vingine bado vimesimama? Watoto bado wanaingia? Basi usikae ukilia ukutani. Chukua kigoda cha kamera, kile cha miguu mitatu, weka tundu kwenye kumi na moja, upige kila choo, kila ufa, kila funza. Usiyeyushe kitu. Ukitapika, futa mdomo, uendelee. Halafu uwaonyeshe wenye watoto.

Mimi mjomba wako, sijaacha kuwa mjomba wako.

Isihaka


Ruangwa,
6 Agosti 2024

Mjomba, shikamoo.

Nimefanya ulivyosema na nimeshindwa.

Mwalimu Makrina alinifungulia vyoo siku ya Jumapili. Nilifunga kitambaa usoni, nikaweka kamera kwenye kigoda, tundu kumi na moja. Mwanga mle ndani ni haba, kwa hiyo kila picha nilisubiri sekunde nzima huku nzi wanatembea kwenye mikono yangu na siwezi kuwapunga, kamera itatikisika. Nilitapika mara mbili. Nikafuta mdomo, nikaendelea. Nimepiga mashimo yote manane. Lenzi yako haina huruma, Mjomba. Kila kitu kimeonekana, hata alama za vidole vya watoto ukutani, waliokosa cha kujifutia.

Nikazichapa kubwa. Jumamosi kukawa na mkutano wa wazazi na mtendaji wa kata, na Bwana Enock alikuja na shati lake lililopigwa pasi. Nikazibandika ubaoni. Wazee waligeuza nyuso. Mama mmoja alitema mate chini akasema, "Humu ndimo mwanangu anamoingia?" Nilidhani imekwisha.

Bwana Enock akasimama, mpole kabisa. "Ndugu wazazi, hata mimi nimechukizwa. Lakini picha hizi zimepigwa wiki iliyopita. Sisi tulikabidhi vyoo safi. Waliovichafua na kuvivunja ni watumiaji." Halafu akatoa picha yangu kwenye bahasha, ile ya Yasmini, akaiinua juu. "Hii ni ya mwezi wa tano. Tazameni mtoto alivyo na furaha. Na aliyeipiga ni nani? Dada, hii si picha yako?"

Nikasema ni yangu.

"Siku ile uliona ufa?"

Nikasema niliuona. Akawageukia watu. "Sasa mbona hamna ufa hapa? Basi huyu dada alidanganya siku ile, au anadanganya leo. Mtachagua wenyewe."

Watu wakaanza kunong'ona. Mtendaji akasema atahitaji ushahidi wa siku ile ile, akatoa wiki tatu. Zaina, mama yake Yasmini, alikuwa amekaa mbele. Hakuniangalia. Watoto jana wameingia vyoo vile vile, maana hakuna vingine.

Hafidha


Nachingwea,
9 Agosti 2024

Hafidha,

Hakuna mtu anayezungusha fokasi kwa mkono akapata kwa mara moja, hasa mtoto akiwa anatikisika kwa kubana pumzi na tundu likiwa wazi. Hata mimi, katika picha kumi nne zilikuwa za kutupa.

Siku ile ulibonyeza mara ngapi? Zile zilizokosa zimeangukia wapi?

Isihaka


Ruangwa,
2 Septemba 2024

Mjomba wangu, shikamoo.

Nilibonyeza mara ishirini na sita.

Barua yako niliisomea kaunta na mteja amekaa kwenye kiti. Nilimwacha anaweka kola yake sawa nikaenda kupekua kadi za zamani za kamera. Ya siku ile ilikuwa ndani ya pochi ya vipodozi, sijaifuta kwa uvivu tu, wala si kwa akili. Nikaifungua kwenye kompyuta. Kumi na tano ziko kwenye uso wa Yasmini au karibu yake. Sita hazina maana. Na tano nilipitiliza pete, fokasi ikaangukia nyuma: Yasmini amekuwa kivuli chenye sabuni, na choo kimetokea kikali kama kimechorwa kwa sindano. Mlango umening'inia. Mavi yako kizingitini. Ufa unapita katikati ya sakafu toka ukuta hadi ukuta, na nuru ya bati lililotoboka imeingia humo ndani.

Nilikaa nazitazama nikajisikia vibaya kuliko siku ya hospitali. Kwa sababu siku ile nilizipitia zote, Mjomba. Nilizitazama hizo tano nikasema "mbovu," nikasonga mbele kutafuta nzuri.

Mkutano wa pili ulikuwa tarehe ishirini na nne. Nilizichapa zote kwa mfuatano zilivyopigwa, pamoja na ile nzuri katikati yao, na tarehe na saa kama kamera ilivyoandika. Kabla ya kuzibandika nikawaambia watu: "Bwana Enock aliniuliza siku gani nilidanganya. Nilidanganya ile ya kwanza. Niliuona ufa nikauficha, kwa sababu picha ilinipendeza na kazi niliitaka." Hakuna aliyenipigia makofi. Mzee mmoja alisonya kwa sauti mpaka nyuma wakasikia.

Wakapita ubaoni mmoja mmoja. Shati ni lile lile, sabuni ni ile ile, wingu juu ya bati ni lile lile. Bwana Enock alizitazama muda mrefu kuliko wote. Akasema, "Lakini hizi zimekosewa."

Nikamjibu, "Ndiyo, zimekosewa fokasi."

Zaina ndiye aliyemaliza mkutano. Alisimama, akaja ubaoni, akaweka kidole kwenye ule ufa, akakitembeza polepole kutoka mwanzo hadi mwisho. Akamgeukia Bwana Enock. "Baba, wewe ulikuwa umesimama wapi siku hiyo?"

"Nyuma ya mpiga picha, mama."

"Basi na wewe uliuona."

Bwana Enock alichukua bahasha yake akaenda garini, na dereva hata hakusubiri mlango ufungwe. Mtendaji aliandika taarifa na kuambatanisha picha zote, hata za mashimo. Wiki iliyofuata wakaja watu wengine wa shirika, hawakuomba radhi, wakang'oa bango lao lenye tabasamu wakaondoka nalo. Vyoo vimefungwa kwa miiba. Wazazi wanachimba vingine wenyewe kwa zamu, na mimi zamu yangu ni Jumatano. Nina malengelenge. Mwalimu Makrina kaanza kunisalimia, ingawa hajaanza kunitazama.

Nilifikiri ningekuandikia kwamba sasa nimetakata. Sijatakata, Mjomba. Nikifika mezani bado nakunja pua. Mtu akija na kuniambia, "Nipige zile za nyuma kama maziwa," nampiga kwa kumi na moja na yeye anaondoka hajaridhika.

Sasa la mwisho, ndilo lililonifanya nichelewe kuandika. Juzi Zaina alikuja studio na Yasmini. Mguu hauwezi kunyooka tena, daktari amesema hivyo. Nikawapa viti. Zaina akasema mtoto amemsumbua njia nzima, anataka kuniomba kitu.

"Nataka ile picha," Yasmini akasema.

Nikamuuliza ipi, nikidhani anataka zile za mkutano.

"Ile nimependeza."

Nikamwambia ile mbaya, ile ina uongo, dada atakupiga nyingine sasa hivi, nzuri zaidi, hapa kwenye kiti, bure, na ukitaka na mama pia. Nikawa naongea haraka haraka kama Bwana Enock.

Yasmini akasema, si kwa hasira, ananifahamisha tu kama mtu mzima anavyomfahamisha mtoto: "Hiyo nyingine nitakuwa na magongo."

Nikamtazama mama yake. Zaina akatazama mlangoni.

Nikaichapa. Mashine ilikuwa inaitoa polepole, nywele kwanza, kisha macho, kisha wale nzi, na mimi nimesimama pale nimeziba mdomo kwa kiganja. Niliikata kingo nikampa. Akaishika kwa ncha za vidole ili isiingie alama, akaitazama, akacheka, na safari hii alikuwa anavuta pumzi.

Mpwa wako,
Hafidha